Mulato II kwa ng'ombe wa maziwa: tathmini yangu kutoka Muheza

Nianze na hukumu, maana najua wengi mnaosoma mna hela ya mbegu mkononi na masika yamekaribia. Mbegu ya majani ya Mulato II inastahili bei yake. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili watatu, mwenye kipande cha ardhi kisichotuama maji na aliye tayari kukata kwa wakati, sijaona jani la kupanda linaloizidi. Asiyekata kwa wakati atakuwa amenunua nyasi za kawaida kwa bei ya juu. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoibakiza nitaieleza mbele.

Mimi nafuga Muheza, upande wa barabara ya kupanda Amani. Ng'ombe wangu ni chotara wa Friesian na Boran na wanakula bandani mwaka mzima. Maziwa ya asubuhi yanakwenda kituo cha kukusanyia, ya jioni wanachukua majirani. Huku kwetu ardhi imejaa michungwa, minazi na mihogo, na kila pembe iliyobaki, kandokando ya mtaro na mpakani mwa shamba, utakuta mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia yenye mashina kama fito. Tumelelewa nayo. Mradi wa ng'ombe wa maziwa uliokuja Tanga miaka ya 1980 kwa msaada wa Uholanzi ulimkuta mama yangu akiwa na jembe, ukamwachia ng'ombe na vipande vya mabingobingo vya kupanda. Kwa hiyo sitayasema vibaya. Lakini nina jambo la kusema juu ya kiangazi.

Kila mfugaji wa pwani anaijua Januari. Mvua za vuli zimeisha, jua linachoma, na mabingobingo yaliyosimama shambani yamegeuka fito. Unakata mzigo mkubwa, unamwaga horini, ng'ombe anachambua majani ya juu na kuacha mashina yote. Jioni unazoa mabaki unayatupa kwenye samadi. Unaona mzigo ulikuwa mkubwa, unaona ng'ombe amekula muda mrefu, na ndoo ya maziwa imepungua. Watu husema "ng'ombe amechoka na joto". Joto limo kweli, ila sababu kubwa zaidi imo tumboni mwake.

Ng'ombe hawezi kuzimeng'enya nyuzinyuzi yeye mwenyewe. Ndani ya tumbo lake la kwanza wamo vijidudu wasiohesabika, ndio wanaozivunja nyuzi hizo, kisha yeye anapata nguvu kutokana na kazi yao na protini kutokana na miili yao. Vijidudu hao wanataka naitrojeni ili waongezeke. Majani yakishuka chini ya asilimia 7 ya protini, vijidudu wanafifia, chakula kinakaa tumboni bila kuvunjika, tumbo linabaki limejaa na ng'ombe anakataa kula zaidi. Huo ndio ugonjwa wa kiangazi: tumbo limejaa na ng'ombe ana njaa. Na huku pwani kuna adhabu ya pili, kwa sababu majani magumu yakimeng'enywa hutoa joto jingi mwilini kuliko majani laini. Ng'ombe anayehema mchana kutwa akipewa mashina makavu saa saba, anapunguza kula ili asiungue kwa ndani. Ndiyo maana mzigo mzito mimi nautoa jioni jua likishazama, na alfajiri kabla ya kukamua.

Nilipokwenda dukani kutafuta mbegu, basi, swali langu lilikuwa moja: jani gani linabaki na protini ya kutosha hadi mwishoni mwa kiangazi, bila kunilazimu kununua mashudu kila wiki?

Mulato II ni chotara wa nyasi za jamii ya brakiaria. Wapo wauzaji wanaoyanadi kama majani ya Kizungu, na hilo linanikera kwa sababu asili ya brakiaria ni Afrika, nyingi zikiwa za huku kwetu mashariki na kati. Mwaka 1930 mbegu ya aina moja ilichukuliwa Uganda ikapelekwa Australia, na huko ikapata jina la Basilisk. Nyingine ilitoka Zimbabwe ikafika Brazil, na mwaka 1984 shirika la utafiti wa kilimo la Brazil, Embrapa, likaitoa kwa wafugaji kwa jina la Marandu. Wabrazili wamefunika mamilioni ya hekta kwa nyasi hizi, na ng'ombe wao wa nyama wamenenepa juu yake. Kule Colombia kituo cha utafiti cha CIAT kikachanganya damu za brakiaria tatu, ikiwemo ile ya bonde la mto Ruzizi mpakani mwa Burundi na Kongo, na mwaka 2005 ikatoka Mulato II. Sisi tulikuwa tumeshikilia mabingobingo huku nyasi za porini kwetu zikilisha nchi za watu. Nashukuru watafiti wa Nairobi, wa ILRI (kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo) na wa KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya), waliohangaika kuzirudisha kwa wafugaji wadogo, na wenzao wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wanaozipanda kuzunguka mahindi ili kuwavuta nondo wa bua watoke shambani.

Sasa mbegu yenyewe. Ni ghali. Kilo moja ilizidi bei ya mfuko wa mashudu ya alizeti, na eka moja inataka kilo mbili hadi tatu. Pakiti niliyochukua ilikuwa imefungwa kiwandani, imeandikwa tarehe na asilimia ya uotaji, na mbegu zimepakwa dawa yenye rangi. Jirani yangu alipata ya bei nafuu, mbegu ya kufunguliwa ya kupimiwa kwa kikopo, kwa mfanyabiashara wa gulioni. Iliota michache ya kuhesabika, kisha magugu yakachukua shamba. Mbegu ya brakiaria ina tabia ya kulala: ikivunwa leo haioti kesho, hukaa miezi kabla ya kuamka, na ikikaa kupita kiasi kwenye joto na unyevu inakufa. Ukinunua bila tarehe unacheza bahati nasibu. Mwombe muuzaji akuonyeshe pakiti kabla hujatoa hela, na akiwa hana pakiti, ondoka.

Ni mbegu ndogo na haitaki kuzikwa. Sentimita moja, mbili mwisho. Wengi wanaolalamika kuwa haikuota waliifukia kama mahindi. Mimi nililima mara mbili nikavunja mabonge hadi udongo ukawa laini, nikachora mistari yenye nafasi ya nusu mita, nikachanganya mbegu na mchanga mkavu ili isimwagike yote sehemu moja, nikamwaga, nikapitisha tawi lenye majani juu yake. Basi. Ilikuwa mwanzo wa masika, mvua imeshashika. Wiki mbili hazikupita yakaonekana majani membamba ya kijani mpauko, ukiyagusa yana vinyweleo laini kama mahameli. Sisimizi wanaipenda mbegu hii, kwa hiyo kagua mistari mapema, na penye pengo ongeza.

Kipindi kigumu ni mwezi mmoja na nusu wa mwanzo. Mche ni mdogo na unakwenda polepole, magugu yanakimbia. Palilia kwa mkono na kwa jembe dogo, na usipoteze moyo ukiona mabingobingo ya jirani yamefika kiunoni wakati yako yako kwenye kifundo cha mguu. Baada ya hapo shina linatoa machipukizi pembeni, yanatambaa kidogo, yanashika ardhi, na magugu hayapati tena pa kuchungulia. Bwana mifugo wetu alipopita akaniambia, "Mama, usikate bado. Shika shina uvute. Likikung'ang'ania, mizizi imekwenda chini, kata." Nilisubiri miezi mitatu hadi minne tangu kupanda ndipo nikakata mara ya kwanza. Ukiwahi unang'oa mmea pamoja na mizizi.

Hapa ndipo penye uhondo wa tathmini hii, yaani horini.

Mabingobingo mimi nakata kwa panga, nabeba, naweka kwenye gogo, nakatakata vipande vya vidole viwili vitatu. Usipokatakata ng'ombe anachagua majani na kuacha mashina. Kazi hiyo kila siku ni ya saa nzima, na huwa inaangukia kwa watoto na kwa akina mama. Mulato nakata kwa mundu. Shina lake ni jembamba, majani ni mengi kuliko shina, na ng'ombe anakula zima kuanzia ncha hadi chini. Hori linabaki safi. Jambo hili peke yake lingetosha kunifanya niipande, kwa sababu majani yanayobaki horini ni jasho la mtu limetupwa kwenye samadi. Ng'ombe wangu mkubwa, Subira, ana ulimi wa kuchagua sana na mabingobingo huyasukuma pembeni, lakini Mulato anaifuata mikononi kabla sijaimwaga.

Maziwa? Naandika daftari, kwa hiyo nasema nilichoandika. Subira alikuwa anatoa lita saba kwa siku katika kiangazi cha mabingobingo na pumba. Kiangazi cha Mulato, pumba ileile, kipimo kilekile, alisimama kwenye tisa. Mwenzake aliyekuwa karibu kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, hakuonyesha tofauti kubwa upande wa maziwa, ila alirudisha mwili, mbavu zikafunikwa, na hilo nalo lina thamani kwa sababu ng'ombe anayezaa akiwa amekonda huchelewa kupata joto la kutaka dume na mimba inachelewa. Usitegemee miujiza ya kutoka lita tano hadi kumi na tano kama matangazo ya simu yanavyosema. Lita mbili kwa ng'ombe mmoja kila siku, bila kuongeza hata kilo ya mashudu, kwangu ni ada ya shule.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo wauzaji hawaliandiki kwenye pakiti, na ambalo ndilo limenifanya niandike. Jani halitoi maziwa kwa jina lake. Linatoa maziwa kwa umri wake. Mulato changa, ya wiki nne hadi sita tangu ikatwe mara ya mwisho, kwenye ardhi yenye samadi, inaweza kuwa na protini ya asilimia 12 na zaidi. Iache isimame miezi mitatu, itoe maua, na protini inashuka kuelekea 7 au 8, yaani palepale tulipokuwa tunakimbia. Majani ni yaleyale, pakiti ni ileile, shamba ni lilelile. Mmea ukizeeka unaimarisha mashina yake kwa lignini, kitu kigumu ambacho vijidudu wa tumboni hawakiwezi. Mabingobingo nayo yanafuata sheria hiyohiyo, na ndiyo maana nasema hayana kosa. Ukiyakata yakiwa kwenye usawa wa kiuno hadi mita moja ni chakula kizuri. Shida ni kwamba mabingobingo yanakimbia haraka mno. Ukienda msibani Korogwe ukakaa wiki mbili, ukirudi yamekupita kimo. Mulato inazeeka taratibu, inachelewa kutoa maua, na inakupa nafasi ya kupumua. Kwa mama mwenye shughuli nyingi, nafasi hiyo ndiyo bidhaa anayoinunua.

Kwa hiyo gawa shamba. Mimi nimegawa vipande, na kila kipande kinakatwa kwa zamu, ili kipande cha mwisho kikiisha cha kwanza kiwe kimefikisha wiki sita hivi wakati wa mvua. Kiangazi zamu inarefuka hadi wiki nane au zaidi, hilo halikwepeki. Acha kisiki cha kiganja kimoja juu ya ardhi, usikwangue hadi udongoni, maana machipukizi yanatokea hapo. Baada ya kila mkato rudisha samadi. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona mashamba mazuri ya Mulato yakigeuka njano mwaka wa pili na wenyewe wakilaumu mbegu. Kila mzigo unaoubeba kwenda bandani unabeba naitrojeni na potasiamu ya shamba lako. Samadi ikiuzwa kwa wenye michungwa na shamba la majani lisirudishiwe kitu, umeuza chakula cha ng'ombe wako wa mwakani.

Hesabu ya eneo nayo iwekwe wazi. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Majani mabichi yana maji mengi, uzito mkavu ni kama moja ya tano tu, kwa hiyo kilo 12 hizo ni mzigo wa kilo 60 mbichi. Kila siku. Nusu eka ya Mulato haimtoshelezi ng'ombe mmoja mkubwa mwaka mzima ikiwa peke yake, hata ikitunzwa vizuri. Kwa wingi wa mzigo, kwenye bonde lenye rutuba na mvua, mabingobingo yanaishinda Mulato, tena waziwazi. Mimi sikung'oa yangu. Mabingobingo yanakaa mtaroni na bondeni, yanatumika wakati wa mvua yakiwa machanga. Mulato inakaa juu kwenye mteremko, ndiyo ya kunivusha. Shangazi yangu yuko Lushoto na gwatemala, nyasi nyingine ndefu ya malisho, kwenye kingo za matuta, na nikimshauri aipande Mulato namshauri aongeze tu. Gwatemala inashika udongo wa milima ile, ingawa protini yake ni ndogo.

Hei, yaani majani makavu ya akiba. Hapa Mulato imenipa kitu ambacho sikuwahi kukipata kwa mabingobingo. Shina la mabingobingo ni nene, majani yanakauka yakipukutika huku shina bado lina maji, mwisho linaota ukungu. Shina la Mulato linakauka pamoja na majani yake. Mwishoni mwa masika majani yanapokuwa mengi kuliko midomo, nakata asubuhi umande ukishakauka, naanika, nageuza, jua la siku mbili tatu linatosha. Kisha nafunga marobota kwa kasha la mbao lisilo na kitako, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Unapitisha kamba mbili, unakanyaga kwa miguu hadi likaze, unafunga, unalitoa. Robota moja linakaribia kilo 20. Fundi seremala wa mtaani anakutengenezea kasha hilo kwa mbao za kawaida. Marobota nayapanga juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja, na hei nzuri lazima ibaki na rangi ya kijani na harufu ya chai. Ikiwa ya kahawia na inanuka vumbi, ulichelewa kuianua. Wengine hununua hei ya shamba la serikali la Vikuge, Kibaha, lakini kwa umbali wetu gharama ya gari inakula faida.

Mulato pekee haikamilishi chakula, na jani lolote la jamii ya nyasi litafika kikomo. Kwenye mstari wa mpaka nimepanda mlusina, mti wa malisho, na kila mzigo wa Mulato unapata majani ya mlusina juu yake. Mlusina una protini inayozidi asilimia 20, ni mashudu yanayoota yenyewe. Usizidishe theluthi ya chakula, kwa sababu una sumu iitwayo mimosini inayosababisha manyoya kunyonyoka na tezi ya shingo kuvimba kwa mnyama aliyelishwa mlusina mwingi kwa muda mrefu. Jiwe la chumvi la kulamba liwepo daima. Na maji, jamani, maji. Maziwa ni asilimia 87 maji. Naona watu wananunua mbegu ya bei hii halafu ng'ombe anapewa ndoo asubuhi na ndoo jioni. Ng'ombe wa maziwa wa pwani awe na maji mbele yake mchana na usiku.

Nyota niliyoibakiza ni kwa ajili ya haya. Kwanza utitiri mwekundu. Kiangazi kikikaza, majani yanaanza kuwa na madoa ya manjano, kisha kama yameungua. Ukigeuza jani na kuangalia kwa makini unawaona, wadogo kuliko punje ya vumbi, wana utando mwembamba. Mabingobingo yangu hayajawahi kupata shida hiyo. Dawa sipulizi kwenye majani yanayokwenda mdomoni mwa ng'ombe anayekamuliwa. Ninachofanya ni kukata kipande kilichoshambuliwa, kukilisha mara moja na kukiacha kichipue upya mvua ikinyesha. Inasaidia, haimalizi. Anayeishi sehemu kavu zaidi kuliko Muheza alifikirie hili kabla ya kununua, na aulizie brakiaria nyingine, kwa mfano Xaraés au Piatã, ambazo zinasemwa kuhimili utitiri vizuri zaidi.

Pili, haitaki miguu ndani ya maji. Kipande changu cha chini kabisa, panapotuama baada ya mvua kubwa, mashina yalioza. Pale pamerudi kwa mabingobingo.

Tatu, na hili ni kwa wenye kondoo na mbuzi, mnisome kwa makini. Nyasi za brakiaria zinaweza kuwa na saponini, aina ya sumu zinazoumiza ini. Ini likiumia, mnyama anashindwa kutoa mabaki ya rangi ya kijani ya majani, mabaki hayo yanaingia kwenye ngozi na jua linaiunguza. Utaona masikio yamevimba, kope na pua zinachubuka, mnyama anakimbilia kivulini. Kondoo ndio wanaoumia zaidi, hasa wadogo, kuliko ng'ombe. Ng'ombe wangu hawajaonyesha dalili yoyote. Mbuzi wangu nawapa kidogo, nimechanganya na majani mengine, na kondoo siwapi kabisa. Ukiona dalili hizo, mtoe mnyama juani, badilisha malisho siku hiyohiyo na umwite daktari wa mifugo. Onyo hili lilipaswa kuwa kwenye pakiti kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili. Kwenye pakiti yangu halikuwepo kwa lugha yoyote.

Nne ni bei, lakini hapa kuna njia. Mbegu nunua mara moja tu, ya kutosha kipande kidogo cha kuanzia. Mwaka wa pili kila shina limekuwa kichaka. Lichimbue, ligawe kwa mkono, kila kipande kiwe na mizizi na machipukizi mawili matatu, punguza majani juu, panda mvua ikinyesha. Yanashika kuliko mbegu na hayasumbuliwi na sisimizi. Eneo langu kubwa la sasa limetokana na mashina, halikutokana na mbegu. Nikihesabu hivyo, gharama ya pakiti ile imeshagawanyika mara nyingi.

Anayenunua Muheza au Tanga mjini, ushauri wa bure upo karibu. Kituo cha Tanga cha TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo ya Tanzania, na chuo cha mifugo cha Buhuri wana mashamba ya malisho, nenda ukayaone majani yakiwa yamesimama kabla hujaamua, ushike shina kwa mkono wako, uulize maswali. Usinunue kwa picha ya simu ya mtu amesimama ndani ya majani yaliyomzidi kimo. Majani yaliyomzidi mtu kimo yameshazeeka, na ng'ombe wako atayachambua kama anavyochambua mabingobingo ya Januari.

Aliye jirani na huku na anataka mashina ya kuanzia, aje masika yakishashika vizuri, aje na gunia na jembe lake. Siuzi. Ninachomwomba ni kwamba na yeye mwakani amgawie mwingine.